Kivinjari Kimegoma Kudanganya

Benchi lenyewe ni langu, tusidanganyane. Nililiweka nje ya kibanda changu cha viatu ili wateja wakae wakisubiri soli, lakini wanaokaa ni walewale watatu, na hakuna hata mmoja mwenye kiatu cha kushonwa. Leo saa kumi jioni walikuwepo: Hakika, kinyozi wa jirani, mwenye jibu la kila kitu; Masijala, aliyekuwa tarishi wa ofisi miaka thelathini; na Kurasa, baba wa watoto wawili, anayetengeneza kurasa za mtandaoni. Kurasa macho mekundu, kahawa imempoa mkononi.

Amechoka, na mimi nimechoka kumsikiliza. Daktari wa macho wa mtaa wa pili amempa kazi, ya kwanza tangu apunguzwe kazini: ukurasa ambao mgonjwa atachukulia namba akiwa kwake, badala ya kupanga foleni tangu alfajiri. Namba zenyewe ziko kwenye kompyuta za hospitali kubwa. Ukurasa unaanza kesho. Usipofanya kazi, daktari atatafuta mtu mwingine, basi.

Na haufanyi. Kwa mara ya tatu wiki hii Kurasa akatueleza kwamba ukurasa unapoomba kitu kwenye kompyuta ya mbali, kivinjari, yaani ile programu ya kufungulia mtandao, kinabandika maelezo juu ya ombi. Wenyewe wanayaita vichwa. Kimoja kinasema ombi limetoka ukurasa gani, na hospitali ikiona si wake, haitoi kitu. Kurasa akaandika kwenye programu yake kwamba limetoka hospitalini kwenyewe. Kivinjari hakikubisha, hakikulalamika, kikaandika ukweli kama kawaida. Siku mbili nzima mwenzetu alidhani kakosea herufi.

— Kuna vichwa unaruhusiwa kuvibadilisha, — alisema. — Hiki hapana. Hiki kinaandika chenyewe.

Masijala akasema ndivyo ilivyokuwa ofisini. Barua andika utakavyo, mhuri uko kabatini na ufunguo anao mwingine. Angeishia hapo tungeelewana. Akaongeza kwamba wao walikuwa wanavizia saa ya chakula, bosi akitoka wanajipigia mhuri, kwa hiyo Kurasa naye atume ombi lake saa saba mchana.

Hakika hakukubali kupitwa. Kwanza kivinjari kimehongwa. Halafu simu ilimsikia Kurasa akipanga kudanganya, ikaenda kumsemea. Alipomaliza kikombe cha pili akawa amefika mbali kabisa: kompyuta ya hospitali inamkumbuka Kurasa tangu utotoni, siku alipokimbia sindano, na imemwekea kinyongo.

— Ile ilikuwa hospitali nyingine, — Kurasa akamjibu, kama vile hapo ndipo penye tatizo.

Ukingoni mwa benchi alikaa mama mmoja, mguu peku, akisubiri nimshonee ukanda wa kiatu. Mteja wa kweli, wa kwanza tangu asubuhi. Akamgeukia Kurasa.

— Samahani kaka, hao wa hospitali hawawezi kukuruhusu wenyewe?

— Wanaweza. Wakiuweka ukurasa wangu kwenye orodha yao, kivinjari kinapitisha tu. Ni mstari mmoja.

— Umewaomba?

Kurasa akainamia kikombe chake. Nikaacha kushona.

— Daktari aliniuliza wiki iliyopita kama wamekubali. Nikamwambia ndiyo. Niliogopa kazi itaniponyoka. Barua sijapeleka mpaka leo, na wao kujibu barua ni mwezi.

Moyo uliniuma, sifichi. Siku tatu nimekaa namhurumia mtu huyu nikidhani mashine inamwonea, kumbe anahangaika kuisukuma mashine imsaidie kufunika uongo wake mwenyewe. Hata Masijala, ambaye mihuri ya wizi alitusimulia akicheka, aligeuza uso pembeni.

Mama akapokea kiatu chake, akakivaa polepole. Hakuwa na hasira. Alisema mama yake mzazi ni mgonjwa wa daktari huyohuyo, jicho la kulia limeshakwenda na la kushoto linafuata. Jana daktari aliwatangazia wagonjwa wote: kuanzia kesho asipange foleni mtu, namba ziko kwenye simu.

— Sasa kaka, — akamuuliza Kurasa, — nimwamshe alfajiri nimlete, au nimwache alale?

Kurasa akaweka kikombe chini. Hakika naye alikuwa anatazama barabara. Mama alisimama palepale, mkoba begani, akingoja jibu.