Dada Yangu Widad Hakupanda Ngazi

Kwa niaba ya ukoo wa Issa Mitri wa hapa Madaba, mimi Salma, dada yake mkubwa, nawasomea historia ya marehemu, na wale mnaonitazama kwa jicho la pembeni mtanivumilia.

Marehemu Widad alizaliwa tarehe 14 Machi 1957, akasoma shule ya watawa hadi mwaka 1975, akahitimu ukunga Amman mwaka 1978, na tarehe 5 Septemba 1982 akafunga ndoa na marehemu Yaaqub, fundi wa picha za vijiwe vya rangi vinavyopangwa sakafuni, wakajaliwa mtoto mmoja, Rima, huyu aliyekaa mbele.

Mwaka 1991 aliacha ukunga, akaanza kuwatetea wanawake waliotishiwa kuuawa na ndugu zao, wanaowekwa gerezani eti kwa usalama wao, ambao hawatoki mpaka baba au kaka atie saini kwamba hatawadhuru. Mwaka 1998 aliitwa Geneva kuhutubia watetezi wa nchi nyingi, akarudi akisema, "Kule wanapiga makofi vizuri, lakini hakuna anayekwenda kuangalia baada ya saini." Basi akawa anakwenda yeye, kila aliyetolewa alimfuata nyumbani, akakataa chai, akataka kumwona kwa macho yake.

Marehemu hakuugua. Alhamisi, tarehe 6 Oktoba 2011, alikwenda kumwona Hiyam, binti aliyetolewa wiki mbili kabla kwa saini ya baba yake, na saa tisa alasiri tukapigiwa simu kwamba ameanguka kutoka juu ya paa la nyumba yao, alikopanda kutazama zabibu zilizoanikwa, na hospitali ikaandika ajali. Ndugu zangu, Widad alivunjika nyonga mwaka 1995, na tangu hapo hata kwenye kiti hakupanda, mapazia yake nilimtundikia mimi. Tena Hiyam haonekani, wanasema yuko kwa shangazi yake, shangazi gani hawasemi.

Jana baba yake Hiyam alituletea wazee kumi na wawili, tukawamiminia kahawa, wakaweka vikombe chini bila kunywa, kama desturi ya mwenye ombi asiyekubaliwa bado, wakisubiri tutamke kwamba hatuna madai. Kaka yetu Hanna akaninong'oneza, "Salma, waache wanywe, mambo yaishe." Ajali gani inayohitaji wazee kumi na wawili? Nilivikusanya vikombe vikiwa vimejaa, nikavirudisha jikoni.

Tunawashukuru manesi waliompokea, majirani waliopika, na wenzake wa Amman, ambao asubuhi hii walinisindikiza kwa mwendesha mashtaka. Polisi wanamtafuta Hiyam, na jeneza hili leo haliendi makaburini, gari la kulipeleka kwa daktari wa uchunguzi liko hapo nje.

Pumzika, mdogo wangu. Hilo la "kwa amani" nitakuambia daktari akishamaliza.