Faina Arkadyevna Shubina na Joto la Upande wa Kushoto

Baada ya miaka thelathini na moja ya utumishi, Daktari Faina Arkadyevna Shubina anastaafu rasmi tarehe 30 Juni 2017. Chumba cha kupimia joto, mwisho wa korido ya ghorofa ya pili, kinabaki bila mwenyewe. Wa kumrithi hajapatikana, na tusidanganyane, wa aina yake hatutampata.

Alikuja kwenye kliniki yetu hii ya ukingoni mwa Volga akiwa daktari kijana wa magonjwa ya wanawake. Kipimajoto cha mawimbi kilipoletwa kutoka Moscow mwaka 1999, wengi tulikitania, yeye akakipenda. Hakichomi wala hakitoi mionzi. Hupokea tu mawimbi hafifu yanayotoka mwilini na kuonyesha joto la ndani ya titi, ambako mkono haufiki. Uvimbe unaokua kwa kasi mara nyingi huwa na joto zaidi, ndiyo maana titi moja hulinganishwa na la pili. Hukumu hakitoi, lakini huonya kwamba mahali fulani patazamwe tena.

Chumba chake kilikuwa na ubaridi, na wagonjwa walikaa vifua wazi wakisubiri joto la ngozi litulie.

“Faina Arkadyevna, umetugeuza kabichi za kuhifadhiwa,” walinung'unika.

“Kabichi hazina maneno mengi,” aliwajibu. “Kaa, mama, bado kidogo.”

Mganga mkuu mwenyewe aliwahi kufungua mlango katikati ya kipimo. Alitimuliwa kama kuku aliyeingia jikoni, akasimama koridoni na glasi yake ya chai mpaka alipoitwa.

Kuna jambo ambalo tungeliacha, ila mwenyewe ameomba liandikwe. Nonna Savelyevna, aliyekuwa mapokezi na rafiki yake wa chanda na pete, alipimwa Mei 2006. Titi la kushoto lilikuwa na joto kuliko la kulia. Picha ya eksirei ilikuwa safi. Faina Arkadyevna alitaka apimwe tena baada ya miezi michache.

“Wewe nawe na hicho kidude chako,” Nonna alimwambia. “Picha imesema sina kitu. Matango yangu kule shamba nimwachie nani?”

“Basi kapande matango yako. Tutaonana vuli.”

Vuli ikaja, ikapita. Nonna hakurudi, na rafiki yake hakumkumbusha, kwa kuchelea kuonekana anaamini mashine kuliko macho ya wenzake. Uvimbe ulipopatikana ulikuwa umeshasambaa. Nonna alifariki mwaka 2009.

Tangu hapo, mwanamke yeyote aliyeonyesha joto la upande mmoja hakuachwa aende zake hivi hivi. Faina Arkadyevna alimpigia simu, alimpigia mume, alimpigia hata mama mkwe. Wako wanawake mjini humu waliomwona msumbufu kupindukia, na leo wanalea wajukuu.

Kwa miaka kadhaa, alipomwona Alevtina, binti wa Nonna, alivuka barabara ili kumkwepa. Siku moja binti huyo aliingia mwenyewe chumbani, akavua sweta.

“Mama hakukulaumu hata siku moja,” alisema. “Mimi ndiye niliyekulaumu. Nipime, shangazi Faina.”

Alimpima, kisha akarudia kipimo tangu mwanzo. Kushoto na kulia joto lilikuwa sawa. Alevtina alikwishavaa sweta yake, lakini daktari bado alikuwa ameshika kiti.

“Utarudi mwakani?” hatimaye aliuliza.

“Nitarudi.”

Na amekuwa akirudi kila mwaka.

Faina Arkadyevna, asante kwa mikono yako, na kwa simu zako zote, hata zile tulizozichoka. Tunasikitika kwamba tulichelewa kukuamini, na kwamba gharama ya kuchelewa huko umeibeba peke yako. Nenda ukapumzike. Afya iwe yako, na moyo wako upate kutulia.