Kila Stesheni

Pale kijiweni Kanyenye, Demetria muuza kahawa alikuwa amekwisha kuichemsha, lakini nafasi ya Mzee Hilari kwenye benchi ilikuwa tupu, chini yake maganda ya mbegu za maboga. Kikombe kimoja tu kilikuwa kikimpeleka Hilari nyuma ya ukuta kukojoa mara tatu. Jilala, fundi viatu na mbatizaji wa majina ya kijiwe, akamwita Kila Stesheni: kama treni ya abiria, stesheni ya Tura asimame, kichakani asimame. Siku hizi Jilala mwenyewe alikwenda nyuma ya ukuta kimyakimya, wenzake wakiwa wamenogewa na ubishi.

Leo walikuwa wakimjadili Hilari na ugonjwa wake.

— Mbegu ni dawa ya tezi dume, alisema Eliya, aitwaye Redio kwa kuwa hazimiki. Kosa lake, kazikaanga. Zitafunwe mbichi, na ganda lake. Ganda ndilo linalosugua bomba.

— Likikwama? Jilala akauliza.

— Ujue dawa inafanya kazi.

Viktori, ambaye hata karatasi ya panadoli hajawahi kuisoma, alikataa. Kwake, kosa lilikuwa boga lenyewe. Boga la dawa hutoka Nzega, lichumwe na mtu aliyeshiba, na mlaji asimwambie mkewe, maana siri ikivuja, mkojo unagoma.

— Hata yakitoka matone, si neno, Jilala akamalizia. Haba na haba hujaza kibaba.

Wakacheka. Jilala alicheka kidogo, akabana mapaja.

Ndipo akafika Yustina, binti wa Hilari, na chupa ya uji mkononi.

— Shikamooni, baba zangu.

— Marahaba. Mzee anaendeleaje?

— Jana mkojo uligoma kabisa. Hospitali wamemwekea mpira wa mkojo. Daktari anauliza tatizo lilianza lini, baba anasema juzi.

Akawatazama mmoja mmoja.

— Nyinyi mlianza lini kumwita Kila Stesheni?

Redio ikazimika. Viktori akachungulia ndani ya kikombe. Jilala alikumbuka barabara: mvua za mwaka juzi zilikuwa hazijaanza, na Hilari alicheka pamoja nao, huku akihangaika na zipu. Jibu alikuwa nalo. Akamsogezea Demetria kikombe chake.

Demetria akainamisha birika, yakatoka machicha ya kahawa tu.

Hakuna aliyeinuka. Jilala alikuwa amebanwa hasa, na ukuta ulikuwa palepale, lakini kuufikia kulitaka kusimama mbele ya binti yule.