Edmund Kihwele, Aliyezitambua Risasi kwa Kitako

Baba Paroko, wazee wetu, wafiwa, na ninyi majirani mliotoka Iringa, Mbalizi na Chimala: kamwene. Naitwa Kasian, mdogo wake marehemu, na ukoo umenipa kazi ya kusoma habari za maisha yake. Kamati iliomba ukurasa mmoja. Nimetumia mbili, na hakuna aliyezipitia kabla yangu.

Marehemu Edmund Amos Kihwele alizaliwa hapa Idodi tarehe 14 Machi 1968, mtoto wa kwanza wa marehemu mzee Amos na mama yetu Severina, aliyekaa hapo mbele. Mimi nilifuata miaka mitatu baadaye, nikakuta nafasi nzuri imeshakaliwa. Baba alikuwa na gobore la kufukuzia nguruwe pori shambani, na nyama ikiletwa mezani alitushindanisha nani ataiona kwanza goroli ya risasi. Edmund alifuata njia iliyopitia, akibonyeza nyama kwa kidole taratibu mpaka anaitoa. Mara moja tu nilimtangulia, na niliipata kwa jino. Jino lilikatika, na baba, badala ya kumpongeza mshindi, alimuuliza Edmund kwa nini hakuniwahi.

Alisoma shule ya msingi hapa kijijini kuanzia mwaka 1976 hadi 1982, kisha sekondari Iringa mjini hadi 1986. Mimi nilirithi madaftari yake, yenye majibu yote na vema za walimu pembeni, na bado nikafaulu chini yake. Mwaka 1990 alihitimu mafunzo ya uhifadhi wa wanyamapori, akaajiriwa katika kikosi cha doria upande wa Usangu. Nilipoajiriwa kikosi hicho hicho mwaka 1994, mkuu wa kituo aliniangalia usoni akasema, "Wewe si ndugu yake Edmund? Basi sina wasiwasi." Hakuniuliza hata jina.

Kazi iliyomjengea jina ni kusoma risasi zilizotolewa kwenye mizoga. Kila moja aliifunga kwenye kitambaa, akaandika mahali, tarehe, na jina la aliyechuna mnyama. Askari vijana walipenda sana habari za risasi ya ncha yenye tundu, ile iliyotengenezwa ifunguke ikiingia mwilini, itanuke kama uyoga na kubaki humo. Wakiona tundu wanasema, ndiyo hiyo. Edmund alikuwa akiwatuliza. "Tundu lisikudanganye," aliwaambia. "Kuna tundu la kufungulia, na kuna katundu kadogo kanakobaki kiwandani shaba inapokunjwa, kwenye risasi za kulengea shabaha. Hako si ka kufungulia. Halafu hata ya ncha laini isiyo na tundu inafunguka vilevile. Uso unaharibika ukigonga. Angalia kitako." Wakati huo mimi nilikuwa nyuma ya darasa, nikihesabu mara wanazocheka.

Tarehe 5 Oktoba 1996 alifunga ndoa na Verediana, aliyekuwa akiuza vitenge soko la Mwanjelwa. Shemeji atanisamehe nikisema kwamba mimi ndiye niliyemwona kwanza. Nilinunua vitenge vitatu nisivyo na wa kumpa, nikajisifu nyumbani kwamba kuna binti Mwanjelwa ana maneno matamu. Edmund akaenda kuangalia. Alinunua kimoja tu.

Sasa nafika mahali ambapo wasifu mwingine ungeruka.

Agosti 2019 tandala dume aliuawa ndani ya hifadhi. Risasi iliyotolewa mwilini ilikuwa imetanuka. Wakati huo mimi nilikuwa msimamizi wa ghala la silaha kituoni, na Edmund alikuwa Mbeya akifundisha. Katika msako, kwa mfugaji Ndalahwa wa upande wa Chimala tulikuta bunduki yenye leseni na boksi la risasi, vyote viwili aliuziwa na mlenga shabaha mmoja aliyekuwa akihama nchi. Nilizitazama nchani, nikaona katundu. Nikaandika kwamba risasi hizo ndizo zilizoua. Ile iliyotoka mwilini sikuipeleka kwa Edmund, kwa sababu kwa mara ya kwanza nilikuwa na neno la kitaalamu lenye sahihi yangu. Ndalahwa akawekwa mahabusu kwa kesi ya nyara, bila dhamana.

Edmund alisikia, akaja mwenyewe kuiona. Aliipima uzito, akaigeuza, na hakunicheka. Tarehe 9 Septemba aliandika barua: risasi iliyoua ina kitako bapa, ni ya kuwindia, yenye ncha laini, za Ndalahwa zimepunguzwa unene kitakoni, ni za shabaha, haiwezekani ziwe zimetoka boksi moja. Hakuandika popote kwamba Kasian amekosea. Akanipa mimi niifikishe kwa mkuu wa kituo. "Iwahishe, mdogo wangu," alisema. "Mtu yuko ndani."

Niliiweka kwenye droo yangu. Sikuwa na chuki na Ndalahwa, hata sura yake sikuikumbuka vizuri. Nilikuwa na wivu. Nilijiambia nitaipeleka wiki ijayo, na wiki ijayo nikajiambia hivyo tena. Edmund aliporudi kufundisha aliamini imefika. Desemba mzee Nashoni, baba yake Ndalahwa, alifariki, akazikwa Chimala na majirani, mwanawe mkubwa akiwa mahabusu. Januari Edmund alipiga simu kuuliza mbona kimya, ndipo nikaitoa. Ofisi ikaigonga muhuri tarehe 16 Januari 2020. Siku sita baadaye, mbele ya hakimu, Edmund alizichomoa risasi tatu za Ndalahwa kwenye maganda yake kwa koleo, akazilaza kwenye leso kando ya ile iliyoua, akawaomba watu wote wasiangalie ncha. Hata karani aliona. Kesi ikaondolewa.

Ndalahwa alimfuata Edmund nje ya mahakama. Nilikuwa pembeni, nilisikia. "Umeandika kweli, mzee," alimwambia. "Ila umeandika baba akiwa ameshazikwa. Ulikuwa unasubiri nini?" Edmund aliniangalia mara moja tu. Akajibu, "Nisamehe. Nilichelewa." Kuanzia hapo Usangu nzima ilisema Edmund ni hodari lakini ni mzito, mpaka mtu anaoza ndani ndipo anakumbuka kazi yake. Nami niliyasikia maneno hayo vijiweni, na nitasema ukweli mbele ya jeneza hili: yalinifurahisha.

Mwaka 2023 figo za marehemu zilianza kushindwa. Alihamia Mbalizi ili awe karibu na hospitali ya Mbeya, akisafishwa damu mara tatu kwa wiki, na mara nyingi mimi ndiye niliyempeleka. Aprili mwaka huu, akiwa kwenye mashine, nilimwambia kuhusu droo.

"Barua ina tarehe yangu, na muhuri una tarehe yake," alinijibu. "Mimi kazi yangu ni kuangalia vitu vidogo. Ulidhani sikuona?"

"Mbona hukusema, kaka?"

"Ungefukuzwa. Mama angeniuliza mdogo wako yuko wapi." Akavuta shuka. "Kamwambie Ndalahwa wewe mwenyewe. Mimi siwezi kwenda kwake kumsema ndugu yangu."

Nilimwahidi nitakwenda. Chimala si mbali, na sikwenda. Edmund alifariki Jumatatu, tarehe 2 Juni 2025, saa tano asubuhi, mkewe akiwa ameshika mkono wake. Mimi nilikuwa nje, kwenye simu.

Kipeperushi hiki kilitakiwa kuchapwa juzi. Nimekipeleka kwa mchapaji leo asubuhi, maana nimezoea kuchelewesha karatasi. Jana Ndalahwa aliingia hapa uani na magunia mawili ya mchele. Nilimpokea, nikamshukuru kwa moyo wake. Akaniambia, "Mimi nimekuja kuzika mtu. Kumsamehe bado." Ndipo nikairarua hotuba niliyokuwa nimeiandika, yenye sifa nyingi na uongo mmoja, nikaanza hii.

Marehemu ameacha mama, Severina, mke, Verediana, watoto wawili, Anord na Yusta, mjukuu mmoja, Blessing, na mdogo wake, mimi. Mama, nisamehe umelisikia hili kwa kipaza sauti.

Mzee Ndalahwa, Edmund hakuchelewa. Aliandika siku ya pili tangu aione ile risasi, na wewe ungemzika baba yako kama inavyotakiwa, lau si mimi. Zamu yako ya udongo ikifika, mwekee Edmund kwa moyo mweupe. Nitasimama upande wa pili wa kaburi, sitaondoka, na utakaloniambia nitalisikia mbele ya watu hawa wote.

Kaka Edmund, lala, umetulia. Hata hilo nakuonea wivu.