Kanga Asiye na Mtani

Kijiwe chetu cha Itetemia ni benchi moja lenye mguu wa kuazima, mbele ya banda la baiskeli la Mahona, ambaye tunamwita Injinia. Kahawa nachemsha mimi, na matusi yote ya hapa hupita mbele ya birika langu. Jioni ile Karoli, aliyehamia kutoka makazi ya wakimbizi ya Ulyankulu baada ya kuuza tumbaku, alikuja na kitabu cha picha cha bintiye. Ni habari za kifaranga cha kanga kilichoandikishwa shule ya kuku; kila mapumziko kinabaki darasani peke yake na madoadoa yake. Ukurasa wa mwisho ni mweupe, una swali tu: "Kanga afanyeje?" Mwalimu anataka jibu kesho. Na binti mwenyewe, Esperansi, wa darasa la pili, tangu Jumatatu hataki kwenda shule. Karoli alikuwa na uso wa mfiwa.

— Rahisi! akasema Injinia. Apakwe rangi. Dawa ya moto ni moto.

— Mvua ikinyesha? nikauliza.

— Anapakwa tena. Haba na haba hujaza kibaba.

— Akili za kipagazi hizo! akadakia Majidi, fundi cherehani, Mzaramo wetu. Babu zako walibeba mizigo kichwani mpaka pwani, ubongo ukabaki njiani.

— Nyamaza, mtumwa wangu! Walifika kwenu hoi, mkawapa maji ya chumvi.

Hao ni watani wa kabila kwa kabila, msishtuke. Mmoja akifa, mwenzake atalala kaburini mpaka apewe kuku.

— Mimi naona, Majidi akaendelea, kanga afungue shule yake. Awe mkuu wa shule, kuku ndio waje kuomba nafasi. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu!

— Wapi! Injinia akapinga. Apande treni mpaka Dodoma. Itoke amri, kuku wote nchini wavae sare ya madoadoa, hata jogoo wa mwenyekiti wa mtaa.

— Jamani, Karoli akasema taratibu, kesho mwanangu...

— Tulia, ndugu mgeni, nikamwambia. Kunywa kahawa.

Hapo akaja Esperansi mwenyewe, anatafuta kitabu chake.

— Shikamooni.

— Marahaba, mama. Hebu tuambie, huko shule wanakuchokoza?

— Hapana. Wenyewe kwa wenyewe ndio wanataniana. Wananyang'anyana mpaka mihogo, halafu wanacheka. Mimi hakuna anayeninyang'anya kitu. Wananipisha tu.

Akatutazama mmoja mmoja.

— Hapa mtani wa baba ni nani?

Nikainamia birika langu. Miezi mitatu Karoli amekaa nasi. Tumempa kikombe cha kwanza na upande mzima wa benchi, wala hakuna aliyewahi kumtupia hata tusi dogo. Tulidhani ndiyo heshima. Niliona aibu, nasema kweli.

Injinia akanyoosha mkono, akapokonya kashata mkononi mwa Karoli, akaitafuna yote.

— Watu wa tumbaku mtajua wapi utamu? Mmezoea moshi.

Karoli akaduwaa. Kisha akamnyooshea kidole.

— Tapika kashata yangu, mpagazi wewe!

Tulicheka mpaka mguu wa kuazima ukachomoka, tukaenda chini wote, vikombe na birika. Kahawa ikaishia mchangani. Esperansi akachomoa penseli sikioni kwa Majidi, akachuchumaa kando yetu na kitabu chake. Akachora kuku anakimbia na punje ya mahindi, na kanga nyuma yake, mbio, mdomo wazi.

— Baba, akasema bila kuinua kichwa, kesho uniamshe mapema.