Nafasi Nilizozificha

Sogeeni, wanangu. Levi, funga huo mlango, upepo wa mashambani utanimaliza kabla ya siku zangu, na wewe Nehemia usijifanye unatazama dirishani, kaeni wote wawili kwenye kochi moja kama mlivyokaa mkiwa wadogo, maana nimechoka kuona migongo yenu. Athalia, njoo karibu na mama. Sikilizeni, na asinikatize mtu, pumzi niliyobakiwa nayo haitoshi kurudia.

Alhamisi anakuja mtu wa halmashauri, mmoja wa wale wanaopita uwanja hadi uwanja kuwauliza watu wetu wa kuhamahama wanahitaji nafasi ngapi za kuegesha karavani, hizi nyumba zetu za magurudumu. Nasikia kila mmoja wenu anataka kumjibu kama nilivyowafundisha, kwa kuficha. Msithubutu.

Miaka tisa iliyopita alikuja mwingine, msichana mpole mwenye viatu vilivyojaa matope, nikampa chai katika kile kikombe cha magorja, watu wasio wetu, tunachokiosha peke yake. Akaniuliza, "Mama, mko wangapi hapa?" Nikamwambia, "Kwani umekuja kutupikia?" Akacheka. Akauliza tena kama kuna vijana wanaokaribia kuoa, kama kuna ndugu yetu anayelala barabarani kwa kukosa pa kukaa. Nikasema tuko watatu tu, hatuna shida, asante. Na karavani yako, Levi, uliyoinunua kwa ajili ya ndoa, asubuhi ile ile ulipotoka kwenda kazini niliivutisha nyuma ya miti ili asiione. Ndivyo mama yangu alivyonilea, kwamba gorja akiuliza idadi yenu mpunguze, maana walituhesabu mara moja nilipokuwa mdogo, na kesho yake wakaja polisi na matrekta wakatuburuta hadi barabarani, supu ikiwa bado motoni. Sikuwa mjinga, wanangu. Nilikuwa na hofu, na hofu ile niliirithi.

Msichana akaandika kwamba nafasi tunazohitaji ni sifuri. Ulipoomba nafasi, Levi, wakakuonyesha karatasi ile ile, familia hii haihitaji kitu, na kwa kuwa Nehemia ndiye aliyekuwa nyumbani siku hiyo ukamvaa yeye, ukamwita mchoyo anayetaka uwanja wote uwe wake. Alinyamaza kwa sababu nilimwomba anyamaze. Nami nikakuacha uamini hivyo. Miaka minane hamsalimiani, na wewe na mkeo Rhoda mmefukuzwa kando ya barabara mara kumi na moja, watoto hata hawajui majina ya walimu wao. Kila nilipotaka kusema niliona aibu, nikameza. Nimemdhulumu mmoja na kumziba mdomo mwingine. Nisameheni. Levi, usinitazame mimi, mtazame ndugu yako. Mpe mkono. Haya, hata nusu nusu, umeutoa.

Sasa Alhamisi semeni ukweli wote. Mtajeni Rhoda na watoto wake wanne, mtajeni binti wa Athalia anayeolewa baridi ikiisha, mwonyesheni kila karavani, hata ile inayovuja. Akiuliza kama mna shida, msimletee mizaha yangu. Semeni ndiyo, tuna shida. Neno hilo lilinishinda maisha yangu yote, na tazameni limetufikisha wapi.

Farasi ni wa Athalia. Sahani zenye ukingo wa dhahabu mpeni Rhoda, kwani alinitukana mara moja tu, na alikuwa na haki ya kunitukana kila siku.

Karavani hii ninamolala mtaichoma baada ya mazishi, kama tulivyoichoma ya baba yenu. Lakini nafasi yake ikibaki tupu, halmashauri watasema mna nafasi ya ziada. Najua... najua mwiko wetu, hakuna anayekaa alipofia mtu. Basi anayekufa ni mimi, na mwiko huo nimewaondolea mimi, kwa kinywa changu. Asije mtu kuwaambia vingine.

Ngojeni nivute pumzi.

Levi. Majivu yakishapoa, yafagie. Uvute karavani yako uiweke hapa hapa. Nehemia asimame nyuma akuelekeze, maana tangu ujana hujui kurudi nyuma bila kugonga kitu... Mungu awaweke pamoja. Awape watoto wenu pa kulala pasipo na mtu wa kugonga dirisha.

Athalia, nishike... Nimechoka sana.

Karibu nyumbani, Levi.