Mashine Inayoamka Watu Wakifunga

Baraza yetu ya Mkunazini ina kivuli mpaka adhuhuri. Ndipo ninywapo kahawa tangu kufiwa na mke wangu. Birika la nyumbani ni kubwa mno kwa mtu mmoja. Asubuhi moja ya mwaka 1971 alikuja Mabrouk, mwendeshaji wa kompyuta ya afisi moja ya serikali. Wiki iliyotangulia mtaalamu wa kigeni alikuwa ameitilia kompyuta hiyo mfumo mpya, akapanda ndege. Tangu hapo programu ya orodha ya wanafunzi ilikuwa imegoma.

— Orodha isipobandikwa kesho, alisema Mabrouk, napelekwa Mkokotoni kulinda ghala la makumbi ya nazi.

— Imegoma vipi? aliuliza Usi, tunayemwita Redio kwa kuwa hazimiki.

— Mtaalamu aliipanga ianze saa ya kufungua afisi. Naiwasha saa mbili asubuhi. Inaniuliza saa, nabonyeza mbili. Mfumo wa zamani haukuwa na udadisi huo. Basi inakaa kimya kutwa. Ikifika saa nane, tunafunga afisi, ndiyo inaanza kuchapa majina, na sisi lazima tuizime.

— Imejifunza kwa wakubwa zako, alisema Usi. Kutwa kimya, watu wakishika funguo ndiyo wanaitisha faili. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na afisi.

— Wapi, alisema Nahodha, fundi cherehani ambaye hajapata kupanda hata ngalawa. Mule mna mashetani ya mfumo wa zamani. Yamehamishwa bila kuagwa. Fukiza ubani. Haba na haba hujaza kibaba.

— Kibaba kinaingiaje hapo? aliuliza Usi.

— Kitaingia, subiri. Ubani ukishindwa, ipelekwe Tumbatu kwa mganga.

— Ina uzito wa ng'ombe wanne, Nahodha, alisema Mabrouk. Nani ataipakia?

— Basi mganga aje na ng'ombe.

Akapita Bi Sichana, muuguzi aliyefanya zamu moja na marehemu mke wangu. Alisimama kunijulia hali, kama afanyavyo kila akitoka kazini.

— Shikamoo Bi Sichana, alisema Mabrouk.

— Marahaba. Nimekusikia tokea pale kwenye kona. Hiyo mbili unayoibonyeza, mashine inajua ni saa mbili yetu? Sisi wodini tunaandika nane ya Kizungu, la sivyo dawa ya asubuhi ingetolewa usiku wa manane.

Mabrouk aliweka kikombe chini kikiwa nusu, akaingia kichochoroni mbio, mguu mmoja kubadhi lake, wa pili la Nahodha.

Nahodha aliliangalia lililobaki.

— Lakini ubani, alisema, usingedhuru.